Askari Mlangoni: Nusu Karne ya Wajibu Uliokwepwa Marekani

Ukisoma miongozo iliyotumika kuwafundisha polisi wa Marekani katika miaka ya 1960 na 1970, utagundua jambo ambalo masimulizi mengi ya historia hii hulipita mbio. Askari aliyefika kwenye nyumba ambamo mume amempiga mkewe, akasema maneno mawili matatu ya kutuliza, kisha akaondoka bila kumkamata mtu, hakuwa mzembe. Alikuwa anafuata alichofundishwa. Mwaka 1967 Chama cha Kimataifa cha Wakuu wa Polisi kilielekeza katika mafunzo yake kwamba kwenye ugomvi wa kifamilia mamlaka ya kukamata yatumike kama hatua ya mwisho kabisa. Mwaka 1975 idara ya polisi ya Oakland, California, iliwaandikia askari wake kwamba kazi yao katika magomvi ya aina hiyo ni usuluhishi zaidi kuliko kusimamia sheria. Kutokukamata kulikuwa sera, yenye waandishi na tarehe. Nalisema hili mapema kwa sababu linabadilisha shauri zima. Kama polisi walishindwa kwa kutojua, dawa ni elimu. Kama walielekezwa, hatuna budi kuuliza maelekezo yale yalimlinda nani. Hapo ndipo swali la kukamata au kutokukamata, ambalo Marekani imebishana nalo kwa miaka 50, linapoonekana kuwa limekalia kiti cha swali jingine lililo zito zaidi: mwanamke anapopiga simu kuomba msaada, askari anayekuja anatimiza wajibu, au anamfanyia hisani?

Si kwamba sheria iliruhusu kipigo. Walowezi wa Massachusetts waliandika mwaka 1641 kwamba mke asichapwe na mumewe, isipokuwa mume anapojihami. Mwaka 1871 Mahakama ya Juu ya Alabama ilitamka kwamba mume hana tena haki ya kumpiga mke, hata kama haki hiyo ilidaiwa kuwa ya kale. Miaka mitatu baadaye mahakama ya North Carolina nayo iliikana haki hiyo, lakini papo hapo ikaongeza kwamba pasipokuwa na jeraha la kudumu wala ukatili wa kupindukia, ni heri kushusha pazia na kuwaacha wenyewe wasahau na kusameheana. Pazia hilo ndilo polisi walilolirithi. Msomaji wa Tanzania hana haja ya kuelezwa sana: kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema wazi kuwa hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, na bado kwa miaka mingi walalamikaji wamekuwa wakiambiwa vituoni warudi wakayamalize nyumbani.

Marekani pazia lilikuwa na msumari wake wa kisheria. Kwa mapokeo ya sheria za Kiingereza, askari hakuweza kumkamata mtu bila hati ya mahakama kwa kosa dogo ambalo yeye mwenyewe hakulishuhudia kwa macho. Kipigo kisichovunja mfupa kilihesabiwa kosa dogo. Sasa, mume hampigi mkewe mbele ya polisi. Anampiga kabla hawajafika, na anaweza kumpiga tena wakishaondoka. Kwa hiyo mwanamke aliambiwa asubuhi aende mahakamani kuomba hati, maana yake usiku ule alale katika nyumba ileile na mtu yuleyule, ambaye sasa anajua kwamba ameshtakiwa. Wakuu wa polisi walipenda kuitaja kanuni hii walipolaumiwa, nami nakubali kwamba iliwafunga mikono katika visa vingi. Lakini haielezi kila kitu. Shambulio la kisu lilikuwa kosa kubwa lisilohitaji hati wala macho ya askari, na hata hilo, aliyelitenda akiwa mume, mara nyingi liliandikwa kuwa ni ugomvi wa kifamilia.

Wapo waliotaka kuuboresha usuluhishi. Morton Bard, mwanasaikolojia aliyewahi kuwa askari, mwaka 1967 aliwafunza askari 18 wa kituo cha 30 huko Harlem Magharibi, New York, namna ya kuingilia magomvi ya nyumbani: waketi, wasikilize kila upande, watulize. Mafunzo hayo yakapata fedha za serikali kuu na kuenea nchini. Simbezi Bard. Alitambua kwamba kazi hii inataka ujuzi, na kwamba askari anayeingia kwa kelele huchochea moto. Kasoro ilikuwa katika kile kilichosuluhishwa. Waswahili husema wagombanao ndio wapatanao, na ni kweli kwa wagombanao. Aliyeng'olewa meno hana nusu ya kumwachia mwenzake ili wakutane katikati. Kumketisha mbele ya aliyempiga, akiulizwa naye alifanya nini, ni kumfanya mshtakiwa wa pili katika kesi yake mwenyewe.

Mwaka 1977 shirika la utafiti la Police Foundation lilichapisha uchunguzi uliofanywa Detroit na Kansas City. Huko Kansas City, katika mauaji ya kifamilia takriban 85 kwa kila 100, polisi walikuwa wameshaitwa kwenye anwani ile angalau mara moja ndani ya miaka 2 iliyotangulia. Katika nusu ya visa walikuwa wameitwa mara 5 au zaidi. Namba hizo zimetajwa mno, na yafaa zitajwe kwa uangalifu, kwa sababu kilichohesabiwa ni anwani, na jengo la ghorofa lina familia nyingi chini ya anwani moja. Hazithibitishi kwamba wanandoa walewale ndio waliokuwa wakitembelewa. Hata zikipunguzwa makali, hata hivyo, zilitosha kuivunja dhana kwamba mauaji ya nyumbani hutokea ghafla na hakuna ambaye angeweza kujua. Mara nyingi karatasi za kituo zilikuwa zinajua.

Wakati huohuo wanawake walikwenda mahakamani, na hapa ndipo ninapoona chimbuko halisi la mabadiliko. Oktoba 1976 huko Oakland, na Desemba mwaka huohuo huko New York, waliwashtaki wakuu wa polisi kwa kukataa kuwalinda. New York walikuwa wanawake 12. Oakland kesi ilifunguliwa kwa niaba ya wanawake wote waliopigwa, na hasa wanawake Weusi, ambao simu zao ndizo zilizopuuzwa zaidi. Jambo hili lishikwe, tutalihitaji mbele. Hawakudai kwamba pingu humtibu mume mkali. Walidai usawa: mtu akimpiga mpita njia anakamatwa, akimpiga mkewe anapewa nasaha, na Katiba ya nchi inaahidi ulinzi sawa wa sheria kwa kila mtu. Idara zote mbili zilikubali kumaliza kesi kwa makubaliano, New York mwaka 1978 na Oakland mwaka 1979, zikiahidi kwamba ndoa haitakuwa tena sababu ya kutokukamata. Kabla ya makubaliano hayo, mwaka 1977, jimbo la Oregon likawa la kwanza kuwalazimisha polisi kwa sheria kumkamata mshambuliaji wa nyumbani. Mwaka 1983 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikashikilia kwamba askari wasioitekeleza amri ya zuio wanaweza kudaiwa fidia.

Kesi iliyowatikisa wakuu wa polisi nchi nzima, hata hivyo, ilitoka katika mji mdogo wa Torrington, Connecticut, na inafaa kuangaliwa kwa karibu kwa sababu inaonyesha hisani inavyofanya kazi siku hadi siku. Tracey Thurman alianza kuwalalamikia polisi juu ya mumewe Oktoba 1982. Novemba mwaka huo mume alivunja kioo cha gari Tracey akiwa ndani, askari akitazama. Hapo mume alikamatwa, akapewa kifungo kilichoahirishwa na kuamriwa akae mbali naye. Vitisho havikukoma. Kwa mujibu wa hati ya madai, mume alifanya kazi katika mgahawa walikokula polisi wa mji, na alijigamba mbele yao kwamba angemuua. Mei 27, 1983, mwanamke alifika kituoni kuomba hati ya kumkamata. Akaambiwa asubiri mwisho wa juma la sikukuu upite. Mei 31 akarudi, akaambiwa afisa pekee anayeweza kumsaidia yuko likizo. Shemeji yake alipopiga simu kulalamika, alihakikishiwa kwamba mtu huyo angekamatwa Juni 8. Juni 8 ikapita. Juni 10 mume alikuja kwenye nyumba alimokuwa mkewe. Tracey akapiga simu polisi, akasubiri kama dakika 15, kisha akatoka nje kuzungumza naye ili asimchukue wala kumdhuru mtoto wao. Mume akamchoma kisu kifuani, shingoni na kooni. Askari mmoja alifika kama dakika 25 baada ya simu kupigwa. Mbele ya askari huyo mume alidondosha kisu chenye damu, akampiga mkewe teke la kichwa, akaingia ndani, akatoka na mtoto wao, akamwangusha juu ya mama aliyejeruhiwa, akampiga teke tena. Askari wengine watatu wakafika, na bado akaachwa azungukezunguke katikati ya watu. Alikamatwa pale tu alipomsogelea tena, mkewe akiwa tayari juu ya machela.

Katika mlolongo huo hakuna aliyetamka kwamba Tracey hastahili kulindwa. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ndogo: sikukuu, likizo, tarehe ya wiki ijayo. Hisani ndivyo ilivyo. Huahirishwa bila mtu kujiona kuwa amekosa. Mwaka 1984 mahakama ya shirikisho ilikataa kuitupa kesi yake, ikisema kwamba polisi wanaompa mwanamke ulinzi hafifu kwa sababu tu mshambuliaji ni mumewe wanavunja haki ya ulinzi sawa. Mwaka uliofuata jopo la raia waliosikiliza kesi likamwamulia fidia ya dola milioni 2.3, iliyopunguzwa baadaye kwa makubaliano kuwa milioni 1.9. Mwaka 1986 Connecticut ikapitisha sheria ya kuwalazimisha polisi kukamata. Naamini hofu ya fidia ilibadilisha miongozo mingi kuliko hotuba zote za muongo ule.

Ndipo namba zikaja kuitawala hoja. Kati ya Machi 1981 na Agosti 1982, watafiti Lawrence Sherman na Richard Berk walifanya jaribio na polisi wa Minneapolis. Askari walibeba pedi za fomu za rangi tatu zilizopangwa kwa bahati nasibu. Walipofika kwenye kipigo kisicho cha majeraha makubwa, rangi ya fomu iliyokuwa juu ndiyo iliyoamua: kamata, au wanasihi, au mwondoe mmoja nyumbani kwa saa 8. Visa 314 vilihesabiwa. Ndani ya miezi 6, kwa kumbukumbu za polisi, waliorudia walikuwa asilimia 10 ya waliokamatwa, 19 ya walionasihiwa na 24 ya walioondolewa. Magazeti yalilipokea jaribio hilo kwa shangwe, na mwaka 1984 jopo la Mwanasheria Mkuu wa Marekani likapendekeza kukamata kuwe jambo la kawaida. Ila askari wachache ndio waliokuwa wameleta sehemu kubwa ya visa, na ulikuwa mji mmoja. Watafiti wenyewe walionya juu ya haraka. Lakini watunga sera walikuwa wamepata kile ambacho madai ya usawa hayakuwapa: sababu isiyohitaji kukiri kwamba walikuwa wamewakosea wanawake.

Jaribio likarudiwa Omaha, Charlotte, Milwaukee, Colorado Springs na Miami, na matokeo yakagawanyika. Omaha na Charlotte kukamata hakukupunguza kipigo. Milwaukee, mwenye kazi aliyekamatwa alielekea kutulia, na asiye na kazi alielekea kuzidi. Mwaka 1992 Sherman mwenyewe aliandika dhidi ya sheria za kulazimisha kukamata. Uchambuzi wa mwaka 2001 uliounganisha visa 4,032 vya miji hiyo mitano ulipata nafuu ndogo upande wa kukamata. Kisha, miaka 23 baada ya jaribio la Milwaukee, Sherman na Heather Harris walifuatilia vifo vya waliokuwa wamepigwa, wakakuta kwamba wale ambao wenzi wao walikamatwa walikuwa wamekufa kwa kiwango kilichozidi kwa asilimia 64 kile cha wale ambao wenzi wao walionywa tu. Kwa wanawake Weusi kiwango kilikaribia maradufu. Vingi vya vifo hivyo havikuwa vya kuuawa bali vya maradhi.

Hayo ndiyo mapingamizi makubwa kuliko yote, na hayastahili kujibiwa kwa kuyafumbia macho. Yanaonyesha kwamba pingu zilizofungwa kwa kila kosa, bila kuangalia nani analala njaa mume akikosa kibarua, huweza kumuumiza yuleyule aliyepiga simu. Nakubali. Lakini tazama kile ambacho majaribio yale hayakupima. Katika nyumba zilizohesabiwa, polisi walikuja. Walionasihiwa walinasihiwa na askari aliyekwisha kufika. Walioonywa walionywa ana kwa ana. Hakuna rangi ya fomu iliyosema usiende, subiri sikukuu ipite. Kwa hiyo matokeo yao, hata yakisomwa kwa namna ya kuwaelemea zaidi watetezi wa kukamata, hayana la kusema kuhusu Torrington. Kosa la miaka ya 1980 lilikuwa kuiegemeza haki ya kulindwa juu ya uwezo wa pingu kuzuia kosa la pili, hivyo namba zilipoyumba, haki nayo ikaonekana kuyumba. Mwizi wa benki anakamatwa bila mtu kusubiri utafiti uthibitishe kwamba kumkamata kutampunguzia tamaa.

Wakosoaji wa upande mwingine husema, nao wana haki, kwamba sheria za lazima ziliwapeleka rumande wanawake waliokuwa wakijihami. Askari aliyekuta mikwaruzo pande zote mbili aliwakamata wote wawili na kuliita hilo usawa. Connecticut yenyewe ilisubiri hadi 2018 kuirekebisha sheria yake ili askari amtafute mshambuliaji mkuu. Na wanawake Weusi wana sababu za kihistoria za kuogopa gari la polisi mlangoni. Hata hivyo ni wanawake Weusi wa Oakland waliokwenda mahakamani mwaka 1976 kulalamika kwamba gari hilo halikuja. Hofu ya polisi wakali na kilio cha polisi wasiofika vimeishi katika mitaa ileile, na anayetumia kimoja kukizima kingine hawasikilizi wanaosema. Wajibu una sura nyingi zaidi ya pingu: kufika upesi, kumwondoa mwenye silaha, kuandika kilichoonekana, kumpeleka mama na watoto mahali salama, kumtafuta aliyekimbia. Omaha walijaribu hilo la mwisho peke yake. Mume alipokuwa ameshaondoka polisi walipofika, visa ambavyo hati ya kumkamata ilitolewa vilikuwa na marudio machache kuliko vile ambavyo mambo yaliachwa hapo. Duluth, Minnesota, kuanzia 1981, Ellen Pence na wenzake waliufuatilia mnyororo mzima, kutoka kwa mpokea simu hadi kwa hakimu, wakiuliza kila anayeushika anawajibika kuandika nini na kumkabidhi nani. Huo, kwa maoni yangu, ulikuwa msaada mkubwa kuliko ubishi wote wa asilimia.

Polisi nao walikuwa na hoja yao, kwamba simu hizi ndizo zinazowaua. Imani hiyo ilitokana na takwimu za shirikisho zilizoweka pamoja ugomvi wa nyumbani, vurugu za baa na fujo za mitaani. Watafiti Joel Garner na Elizabeth Clemmer walipozitenganisha mwaka 1986, hatari ya nyumbani ikaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa ikifundishwa.

Kisha ikaja Castle Rock, Colorado, mahali ambapo sheria ya jimbo ilikuwa imeshasema polisi watamkamata anayevunja amri ya zuio. Jioni ya Juni 22, 1999, mume aliyezuiwa kwa amri ya mahakama aliwachukua mabinti zake watatu waliokuwa wakicheza nje. Mama yao, Jessica Gonzales, aliita polisi saa 1 na nusu usiku akawaonyesha amri. Wakamwambia asubiri hadi saa 4. Saa 2 na nusu mume alimwambia kwa simu yuko na watoto kwenye bustani ya michezo Denver; mama akawapasha polisi, wakarudia asubiri hadi saa 4. Saa 4 akaambiwa asubiri hadi usiku wa manane. Karibu saa 7 alikwenda kituoni mwenyewe. Askari akaandika maelezo yake, kisha akaenda kula. Saa 9 na dakika 20 mume alifika kituoni akifyatua risasi, akauawa, na miili ya watoto wote watatu ikakutwa ndani ya gari lake. Hapakuwa na mgogoro wa takwimu hapa, wala swali kama kukamata kungemwongezea hasira. Amri ilikuwepo, simu zilipigwa, mahali alipo palijulikana. Juni 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 7 dhidi ya 2, kwa hukumu iliyoandikwa na jaji Antonin Scalia, kwamba hata neno la sheria linalosema polisi watamkamata halimpi mwanamke haki ya kikatiba ya kudai utekelezaji, kwa kuwa polisi wamekuwa siku zote na hiari ya kuamua. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikasema kwamba Marekani ilikuwa imevunja wajibu wake kwake na kwa wanawe. Tamko hilo halikuibadili hukumu.

Miji kadhaa ilikwenda mbali zaidi, ikaifanya simu yenyewe kuwa kosa. Norristown, Pennsylvania, ilikuwa na kanuni iliyomtishia mwenye nyumba adhabu mpangaji wake akiitiwa polisi mara 3 ndani ya miezi 4. Mwaka 2012 mwanamke mmoja wa mji huo, akiogopa kufukuzwa na mtoto wake, aliwasihi majirani wasipige simu hata baada ya kuchomwa shingoni kwa kipande cha kisahani cha majivu ya sigara kilichovunjika. Kesi yake ilimalizwa mwaka 2014, na mwaka huohuo jimbo likazikataza kanuni za aina hiyo. Mwaka 2022 sheria ya shirikisho ikalinda haki ya mpangaji kuomba msaada bila kuadhibiwa. Leo, basi, mwanamke wa Marekani analindwa anaponyanyua simu kuwaita polisi, na kwa hukumu ya 2005, ambayo bado inasimama, Katiba haimwajibishi kwake askari anayeipokea.